Mashine ya Mkono Mrefu na Karatasi Isiyosomwa

Ndani ya kibanda cha dereva wa mashine ile ambayo vijana wa saiti huiita telehendla, aghalabu kando ya kioo cha mbele, pamebandikwa karatasi ngumu yenye mchoro wa pinde zinazofuatana, moja nyuma ya nyingine, kama mawimbi yanayotanda pale jiwe linapotupwa majini; na katika kila nafasi kati ya pinde hizo imeandikwa tarakimu ya uzito. Nimeingia katika vibanda vingi vya namna hiyo kwa miaka niliyofanya kazi ya kusimamia majenzi Dar es Salaam na mwambao wa kusini yake, na naweza kusema bila ya kuchelea kwamba hakuna sehemu ya mashine inayotazamwa kwa uchache kuliko karatasi hiyo: nimeikuta imefunikwa kwa kalenda, nimeikuta imepauka kwa jua hata haisomeki, na mara moja niliikuta imebanduliwa, mgongo wake umeandikwa hesabu za dizeli. Ilhali kila alichokijua mhandisi aliyeiunda mashine ile, yaani inachoweza kubeba, umbali inaoweza kukibeba, na mahali itakapopinduka, amekiweka pale, kwa mchoro mmoja, ili asiyemjua amsikie.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuisogelea, telehendla ni mashine ya magurudumu manne makubwa, yenye mkono mmoja wa chuma uliofungwa nyuma kabisa ya mwili wake na kulala kwa urefu kuumeni mwa dereva, ambao ukiamriwa huinuka, na ukiamriwa tena huchomoza kipande kutoka ndani ya kipande mfano wa darubini ya nahodha. Kwenye ncha ya mkono hufungwa uma mbili za kuchukulia paleti, au ndoo ya kuzolea mchanga, au kulabu, au kizimba cha kupandishia watu. Kampuni ya JCB ya Uingereza ilitoa ya kwake ya kwanza mwaka 1977 ikaiita Loadall, wala Manitou ya Ufaransa na Merlo ya Italia hazikukawia kutoa za kwao. Na mashine hiyo, iliyozoeleka huko mashambani kwa kupanga marobota ya majani makavu na mijini kwa kupandisha matofali, leo haimshangazi mtu kuiona Dodoma, Mombasa au Maskati.

Ubavuni mwake huandikwa jina, na aghalabu jina hilo ni la tarakimu. Ile ya JCB iitwayo 535-125 inataja kwanza tani 3.5, kisha urefu wa mita 12 na kitu; ile ya Manitou iitwayo MT 1840 inataja kwanza kimo cha karibu mita 18, kisha tani 4. Tarakimu hizo ni za kweli na waundaji hawakumhadaa mtu, lakini ni kweli mbili zilizowekwa katika jina moja na ambazo hazikutani: tani zile 4 huinuliwa mkono ukiwa umerudishwa karibu na magurudumu, na kimo kile hufikiwa kwa mzigo uliopunguzwa, na mkono huohuo ukinyooshwa mbele badala ya juu mpaka ukomo wake, mashine ya tani 4 hubakiwa na uwezo wa takriban nusu tani. Mwenye jengo anayepiga simu kwa mkodishaji na kusema, "Niletee ya tani nne," hajaagiza kitu bado.

Wazee waliouza maji mitaani kwa mzegazega walilijua jambo hili kwa bega zao kabla ya mhandisi yeyote kuwachorea. Debe moja mbele, debe moja nyuma, mti begani. Na mchukuzi ambaye debe lake la mbele limeteleza dhiraa moja kuelekea ncha ya mti, ingawa halikuongezwa hata tone la maji, alihisi mara moja debe la nyuma linapaa na yeye mwenyewe anavutwa kifudifudi. Bega la telehendla ni ekseli ya mbele. Debe la nyuma ni injini, mwili, na lile pande la chuma lililofungwa kwa makusudi ya uzani. Debe la mbele ni mzigo wako. Na mti wenyewe una sifa ambayo mti wa mzegazega haukuwa nayo, kwamba hurefuka huku umebeba. Nusu tani iliyo mita 10 mbele ya magurudumu huivuta mashine kwa nguvu ileile ambayo tani nzima huivuta ikiwa mita 5. Hili likishaingia katika fahamu, pinde za ile karatasi husomeka zenyewe.

Basi maoni yangu, ambayo nimeyatetea mbele ya wakandarasi wengi na kukubaliwa na wachache, ni kwamba telehendla huchaguliwa kwa kuanzia na tofali litakalokwenda mbali kuliko yote. Kabla ya kuuliza bei, na kabla ya kuuliza chapa, mtu aende kiwanjani na futi ya kupimia, asimame mahali ambapo magurudumu ya mbele yatasimama kwa hakika, na apime mpaka pale paleti itakapowekwa. Nasema kwa hakika kwa sababu katika ramani mashine husimama ukutani, lakini kiwanjani ukuta umezungukwa: kuna jukwaa la mafundi linalokula mita moja na nusu, kuna mtaro wa maji taka ambao haujafukiwa na ambao mwenye akili hasogezi gurudumu ukingoni mwake, kuna rundo la kokoto, na paleti yenyewe haiachwi juu ya ukingo wa sakafu bali huingizwa ndani mita moja angalau. Chukua nyumba ya kawaida ya ghorofa nne: sakafu ya juu iko mita 12, uma hupita juu ya ukingo kabla ya kushuka, kwa hivyo kimo ni mita 13 na nusu, na umbali wa ulalo, ukijumlisha jukwaa, mtaro na ile mita ya ndani, hufika mita 5. Mashine ya mita 14, ambayo kwa jina ingetosha na kubaki, haifiki hapo, kwa kuwa mkono uliolazwa upande hupoteza kimo. Panatakiwa ile ya mita 17 au 18. Ndipo sasa utafutwe upinde wa karatasi unaopita juu ya nukta hiyo, mita 5 kwa mita 13 na nusu, usomwe uzito ulioandikwa, na ulinganishwe na paleti.

Paleti nayo ipimwe. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na paleti ya mifuko 40 ni tani 2 kabla ya kuhesabu mbao zake. Tofali huwa na uzito wa namna nyingi kwa kadiri ya mchanga na maji, kwa hivyo dawa yake ni kulitia moja katika mizani ya dukani. Likiwa kilo 25, tofali 60 ni tani 1 na nusu. Zege mbichi ni takriban tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo, na ndoo inayobeba nusu ya hiyo imekwisha kuwa tani 1.2 pasi na uzito wa ndoo. Nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 12 ni karibu kilo 19, kwa hivyo fungu la nondo 100 linakaribia tani 2, na lina inda nyingine inayolipita tofali: ncha zake hucheza kila mashine inapotikisika. Fauka ya hayo, uzito ulioandikwa katika karatasi umekadiriwa kwa mzigo ambao kitovu cha uzito wake kiko sentimita 50 au 60 kutoka kwenye shina la uma, na paleti pana iliyopangwa ovyo, tofali nyingi zikiwa mbele, imekwisha kuvuka kipimo hicho ingali chini.

Mwaka mmoja wakati wa masika nilikuwa msimamizi wa jengo lisilo kubwa, nami ndiye niliyeagiza mashine kwa simu, kwa jina, kwa tani, kama wengine. Ikaja ya mita 14. Kwenye sakafu ya kwanza na ya pili ilifanya kazi ambayo vibarua ishirini wasingeifanya, nikafurahi, na siku tulipoanza ya juu nikasimama chini na kumpungia mkono dereva asogeze paleti ndani kidogo, tena kidogo. Taa iliyo mbele yake ilikuwa kijani, ikawa manjano, ikawa nyekundu, kengele ikalia. Na mimi, kwa haraka ya kuwahi zege ya kesho yake, nikampungia tena. Mashine ile ilikuwa na ufunguo wa kuinyamazisha kengele, na ufunguo huo ulikuwa umeachwa mahali pake na waliotukodisha. Nikaona tairi la nyuma likiacha ardhi. Halikupaa, liliinuka shibiri moja hivi, taratibu, kama mtu anayeinuka kitini kwa adabu, na matope yakawa yanadondoka chini yake.

Dereva yule, kijana wa makamo ya miaka thelathini, hakufanya ambalo mimi ningelifanya. Ningelishusha mkono, maana tabia ya binadamu anayeogopa kimo ni kutaka kushuka. Na lau angeushusha, tungelizika watu, kwa sababu mkono ulioinuka ukishushwa bila ya kurudishwa ndani, mzigo huenda mbali zaidi na magurudumu kila unaposhuka, na debe la mbele huzidi kuteleza. Yeye aliuvuta mkono ndani. Kipande kikaingia katika kipande, paleti ikarudi nyuma, tairi likatua. Kisha akazima injini, akashuka, akakaa juu ya gogo, na nilipomfikia mikono yake ilikuwa ikitetemeka hata kushika gilasi ya maji hawezi. Hakunilaumu kwa neno. Mimi nimejilaumu tangu siku ile, na makala hii ni sehemu ya deni langu kwake.

Ardhi ni mlango ambao wachaguaji wengi huupita bila ya kubisha. Kila tarakimu ya karatasi ile imeandikwa kwa sharti kwamba mashine imesimama juu ya ardhi iliyo sawa na ngumu, matairi yamejazwa upepo kwa kadiri iliyoamriwa. Na hesabu ndogo yatosha kuonyesha kwa nini. Mashine ikiinama upande kwa nyuzi 1 tu, mzigo ulio kimo cha mita 15 huhama upande sentimita 26. Kwa nyuzi 3 huhama sentimita 79, na upana wote wa mashine, ubavu hadi ubavu, ni mita 2 na kidogo. Anayejenga juu ya mchanga wa Kigamboni, au juu ya ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kugeuka ugali wakati wa mvua, ana haja ya mashine yenye miguu ya chuma ya mbele ya kushikilia na yenye uwezo wa kujisawazisha ubavu, na ana haja ya mbao pana za kutandika chini ya miguu hiyo. Mashine za namna hii huwa na karatasi mbili, moja ya miguu ikiwa chini na nyingine ya kusimama kwa matairi tu, na tofauti ya hizo mbili humtoa mtu jasho. Mwenye kusoma ile moja na kufanya kazi kwa nyingine ni sawa na asiyesoma.

Upana wa lango, waya za umeme zinazokatiza juu, na nafasi ya kugeukia, hayo kila fundi huyaona, nami sitayarefusha, isipokuwa kutaja kwamba nyingi za mashine hizi huweza kugeuza magurudumu yote manne, na hata kwenda kimshazari mithili ya kaa, jambo ambalo katika viwanja vyetu vilivyobanana lina thamani kuliko tani moja ya ziada. Kuna mitaa, na Mji Mkongwe wa Unguja ni mfano wake, ambako telehendla haina njia kabisa, na anayekarabati nyumba huko angali anamtegemea hamali na mkokoteni. Hapo chaguo sahihi ni kutoichagua. Kadhalika jengo lililopita ghorofa tano au sita lina haki ya winchi ya mnara. Ipo telehendla ya aina ya kuzunguka, ambayo mwili wake wa juu hugeuka pande zote kama winchi huku miguu imesimama, nayo ni nzuri ajabu pale ambapo mashine haiwezi kuhamahama. Lakini bei yake ni kubwa na matunzo yake ni ya kitaalamu, na nimeona ikikodiwa kwa fahari mahali ambapo mashine ndogo ya mita 7, yenye kupita popote, ingeimaliza kazi na kuondoka.

Kwa wanaonunua badala ya kukodi, hususa wanaoagiza zilizotumika Ulaya, nina hadhari moja ambayo haiandikwi katika tangazo la muuzaji. Injini zilizoundwa huko miaka ya karibuni kwa kanuni kali za kudhibiti moshi hutaka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 katika milioni, tena nyingi hutaka na maji maalumu ya kusafishia moshi yatiwe katika tangi la pili. Dizeli ya Afrika Mashariki, kwa kanuni za 2015, iliruhusiwa salfa mpaka sehemu 50. Mashine kongwe kidogo yenye injini isiyo na mitambo hiyo, iliyotunzwa, ambayo vipuri vyake vinapatikana na fundi wake anajulikana, itamfaa mkandarasi wa Mtwara kuliko mpya inayozimika kila mwezi kwa kudai alichokosa. Na kwa walio karibu na bahari: funua mkono wote mpaka mwisho siku ya kuikagua, utazame kutu ndani ya vipande, uitazame minyororo au mabomba yaliyojificha mle, kwa maana hewa ya chumvi huanza kula pale ambapo muuzaji hakupaka rangi.

Narudi kwa binadamu, ambaye ndiye sababu ya kuandika. Katika viwanja vyetu bado tunapandisha watu juu ya paleti tupu iliyowekwa juu ya uma, wakapige lipu ukuta wa juu, kana kwamba ni mifuko. Lau wenye mashine wangeona haya kwa jambo moja tu, ningependa liwe hili. Kipo kizimba kilichoundwa kwa ajili ya watu, kinachofungwa kwa komeo na kuunganishwa na mitambo ya usalama ya mashine, na Uingereza, kwa kanuni zake za 1998 juu ya vifaa vya kuinulia, chombo kinachopandisha watu hukaguliwa na mjuzi angalau kila miezi 6, ilhali kinachoinua mizigo mitupu huachiwa miezi 12. Ikiwa kazi yako ina haja ya kupandisha watu, basi hilo liwe sharti la uchaguzi tangu mwanzo: uliza kizimba, uliza kama mashine hiyo imeidhinishwa kukibeba, uliza hati ya ukaguzi, na ukikosa moja ya hizo jenga jukwaa.

Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inamwajibisha mwajiri kumfunza anayemkabidhi mashine. Lakini kumfunza kwa lugha gani? Karatasi ninayoizungumza huja kwa Kiingereza, mara nyingine kwa Kiitalia au Kifaransa pale mashine ilipopita mikono mingi. Dereva wetu, aliyejifunza kazi kwa kukaa pembeni ya dereva mwingine, huzijua tarakimu lakini maneno ya pembeni, yale ya masharti, ya miguu na ya ardhi iliyo sawa, humpita. Ni maneno yasiyozidi arubaini. Mkodishaji anayeweza kuchapisha jina lake kwa herufi za dhiraa nzima ubavuni mwa mashine anaweza kuchapisha maneno arubaini ya Kiswahili ndani ya kibanda, na mimi ningemtaka kila mkandarasi, anapolinganisha bei za wakodishaji wawili, aulize swali hili kabla ya lile la kupunguziwa bei: je, karatasi ya mizigo iko kwa Kiswahili, na dereva anayekuja nayo anaweza kunionyesha kwa kidole paleti yangu itaangukia upinde gani?

Yule dereva wa masika yale tulifanya kazi pamoja tena, miaka mitatu baadaye, katika jengo la mtu mwingine, juu ya mashine nyingine. Nilipanda kibandani kumsalimu. Karatasi ya kiwandani ilikuwa pale, imefutwa vumbi, na chini yake amebandika kwa utepe ukurasa wa daftari wa mistari, alioandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mwekundu: "Miguu chini: soma juu. Miguu juu: soma ya pili. Kengele ikilia: vuta ndani, usishushe." Nje, juu ya zege ya njia, alikuwa amepiga mstari wa chaki mahali ambapo gurudumu la mbele lisingevuka, na kando ya mstari ameandika umbali mpaka ukutani, mita 3 na sentimita 40. Nikamwuliza ni nani aliyempimia. Akanionyesha futi iliyokuwa imening'inia kwenye kioo.